Mashine inaganda, kumbe siyo joto

Wiki ya tatu sasa kompyuta yangu inaganda, mshale hausogei, nabaki kushikilia kitufe mpaka izime. Mwanzo nikasema joto tu hili, si unaijua Dar ya Januari, basi nikafungua kifuniko nikapuliza feni, vumbi lililotoka humo unaweza kupandia mchicha. Ikapoa kweli ila kuganda palepale.

Fundi mmoja Kariakoo hata hajaifungua akasema "broo hiyo ramu, leta hela", yani ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikarudi geto Sinza nikaacha MemTest86 ikague ramu usiku kucha (umeme haukukatika, muujiza), asubuhi hakuna kosa hata moja.

Ndo nikafungua Task Manager, pale Windows inapoonyesha nini kinafanya kazi, nikaona prosesa 6%, diski 100% na wala sifanyi kitu. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikanipa njano (tahadhari), kuna sekta, yani vipande vidogo vya diski, zimegoma kusomeka, yani diski inajaribu sehemu iliyokufa, inarudia, inarudia tena, na Windows nzima imekaa inaisubiri.

Picha na faili za kazi nimeshahamisha kabla ya kugusa kingine chochote. Diski mpya ya SSD (ile isiyo na sehemu zinazozunguka) nanunua mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka.