Vipito Vitatu vya Khumbu

Mtu wa Mombasa ukimwambia unakwenda Nepal kutembea, swali lake la kwanza ni Everest. Sisi hatukwenda kuupanda mlima huo. Tulikwenda kuyazunguka mabonde ya Khumbu yaliyo chini yake na kuvuka vipito vyake vitatu vikuu: Renjo La, mita 5,360, Cho La, mita 5,420, na Kongma La, mita 5,535. Kipito ni pale ukingo wa mlima uliposhuka kidogo, watu na yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu wa huko, wakapata pa kupenya kwenda bonde la pili. Lenana kule Mlima Kenya, mita 4,985, nilikuwa nimeshaifika, lakini Lenana unafika alfajiri na jioni umeshateremka. Huku ni wiki kwa wiki za kula, kulala na kuamka juu.

Tulikuwa wanne: mimi wa Kibokoni, shoga yangu ambaye ni muuguzi, na ndugu wawili wa Likoni. Mazoezi yetu yalikuwa daraja la Nyali kabla jua halijachomoza, ngazi za maghorofa, na Kasigau kule Taita tulipopata nafasi. Mwezi wa kumi, mvua za Nepal zikiwa zimekatika, tukatua Kathmandu, na baada ya siku chache kindege kikatushusha Lukla, mita 2,860, kwenye uwanja ambao njia yake ya kutulia ina mita 527 tu na imepandisha kama mteremko wa Likoni feri.

Kutoka Lukla hadi mji wa Namche hakuna gari, hakuna pikipiki. Kila kitu hupanda kwa mgongo wa mnyama au wa binadamu: mchele, mitungi ya gesi, mabati, mbao za milango. Wapagazi hubeba kwa mkanda unaopita kipajini, uitwao namlo, na kikapu kikubwa mgongoni. Mkononi wana kigongo kifupi chenye kichwa kama herufi T. Wakichoka hawautui mzigo, hukiegemeza kigongo chini ya kikapu wakapumua wakiwa wamesimama. Watafiti waliowapima njia hiihii walichapisha mwaka 2005 kwamba wanaume, kwa wastani, hubeba asilimia 93 ya uzito wa miili yao, na wanawake asilimia 66. Huku kwetu Kenya, watafiti walikuwa wamekwisha kuwapima kina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini, wakaona mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei hata kidogo nguvu wanayoitumia kutembea.

Marehemu baba alikuwa hamali wa Bandari ya Kale. Magunia ya kilo 90 alikuwa akiyatoa majahazini na kuyapandisha ghalani, na usiku mama alimkanda mabega kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kwa hiyo mimi njiani Namche sikuangalia milima. Niliangalia shingo. Mishipa ya shingo ya mpagazi anayepanda na kilo themanini naijua tangu utotoni.

Namche tulipumzika ili miili izoee, kisha tukashika njia ya magharibi kupitia Thame, kijiji alikokulia Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary mwaka 1953. Agosti 2024 maziwa ya barafu yaliyo juu ya kijiji yalipasuka, na mafuriko yakabomoa nyumba, shule na zahanati. Mawe makubwa yamelala pale palipokuwa mashamba ya viazi.

Chakula chetu kilikuwa wali na dengu, viazi, mayai. Khumbu wenyewe hawachinji. Nyama hupandishwa kutoka chini kwa siku kadhaa, nasi hatukuigusa. Kibla kutoka huko ni magharibi, na alfajiri maji yakiwa yameganda ndooni tulitayamamu kwa vumbi la ukutani.

Renjo La tuliianza usiku kutoka Lungden, kwa tochi za kichwani. Ni karibu mita elfu moja za kupanda. Ukivuka mita elfu tano kila hatua ina pumzi yake: unaweka mguu, unapumua, unaweka wa pili. Kwenye mita 5,500 kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Mombasa, na mwili haukupi nafasi ya kubisha. Ngazi za mawe za mwisho nilizipanda nikimhimidi Mola kimyakimya, na nilipoinua kichwa nilikuwa chini ya vibendera vya dua vya Wabudha, vimefungwa kamba kwa kamba, vikipigapiga. Mbele yetu ulisimama Everest, pembeni yake Lhotse, na Makalu kwa mbali, na chini kabisa ziwa la Gokyo lenye rangi ya bahari ya Watamu saa sita mchana. Ndugu mmoja wa Likoni aliketi juu ya jiwe akalia bila kujificha. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Gokyo mmoja wa wapagazi wetu wawili alituaga kwa heri. Ilikuwa sikukuu ya Dashain, ambayo watu husafiri kutoka kila pembe ya Nepal kurudi makwao, naye alikuwa ameshapatana hivyo tangu mwanzo. Wakala wetu akatuletea wa badala: kijana wa kabila la Rai, aliyepanda kutoka Lukla kwa siku tatu na mzigo mgongoni. Tulimwita Bhai, yaani mdogo wetu. Mpagazi wetu mwingine, mtu mzima, tulimwita Dai, kaka mkubwa.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Masherpa, wenyeji wa Khumbu, wana miili iliyouzoea mwinuko tangu mababu zao. Lakini wapagazi wengi si Masherpa. Ni Rai, ni Tamang, wakulima wa mahindi kutoka vilima vya chini, na kichwa cha mmoja wao kikipandishwa haraka kitauma kama changu mimi niliyezaliwa ufukweni. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Bhai alikuwa amepandishwa karibu mita 1,900 kwa siku tatu.

Tulivuka mto wa barafu wa Ngozumpa, uliofunikwa kifusi kiasi kwamba barafu yenyewe huioni ila kwenye nyufa, na tukalala Thagnak. Kesho yake ilikuwa Cho La. Upande wa magharibi ni mporomoko wa mawe ambao lazima uumalize kabla jua halijayeyusha barafu inayoyashika. Upande wa mashariki ni barafu tupu. Tulifunga vyuma vya meno chini ya viatu tukateremka mmojammoja. Bhai alikuwa amevaa viatu vya mpira. Tulimpa vyuma, tukamfunga wenyewe.

Usiku huo, Dzongla, wapagazi walikuwa wakila pamoja jikoni. Nilikwenda kuomba maji ya moto nikaona sahani ya Bhai imejaa, wali umegandamana, naye amejikunja karibu na jiko la mavi ya yaki. Nilipomtazama alitabasamu haraka na kuichukua sahani. Tabasamu hilo nalijua. Baba alikuwa nalo siku bega lilipochanika, akaenda bandarini hivyohivyo, kwa kuwa kibarua asiyebeba halipwi.

Nilimwita shoga yangu. Alimbana Bhai kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, kisha akamwomba atembee kwenye mstari wa ubao wa sakafu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu aliyumba akashika ukuta. Shoga yangu hakusema mengi. "Ubongo unavimba. Anashuka sasa hivi, si asubuhi."

Alimpa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, aliyokuwa nayo. Kiongozi wetu wa njia akapiga simu Pheriche, kwenye kliniki ya Himalayan Rescue Association, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, ambako madaktari wa kujitolea hukaa msimu wa watalii. Dai akavua mzigo kwenye namlo, akaukunja mkanda uleule kuwa kiti, akamweka Bhai mgongoni kama anavyobeba mchele, mkanda kipajini. Tukatoka wote, tochi mbele na nyuma, kwa njia nyembamba iliyo juu ya ziwa la Cho La. Dai na wapagazi wa kundi jingine walipokezana. Nilitembea nyuma yao, na nilichokiona njia nzima ni viatu vya mpira vikining'inia.

Pheriche iko kama mita 500 chini ya Dzongla. Kabla hata hatujafika Bhai alianza kujibu akiulizwa jina. Alilala na oksijeni mpaka asubuhi, na mchana aliomba chai. Daktari alituambia wagonjwa wa namna yake anawapokea kila msimu, na wengi huletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu hawakusema.

Wakala, kwa simu, alisema siku za ugonjwa hazilipwi. Tulimwambia zitalipwa zote, mpaka siku ya mwisho ya safari, na tukabaki kwenye simu hadi alipokubali. Kisha Bhai akateremshwa kwao pamoja na kaka yake aliyemfuata.

Kongma La tuliivuka kutokea Chhukung, tukibeba wenyewe. Kilo kumi na mbili tu kila mmoja, na bado kwenye mita 5,535 nilikaa chini kando ya vibendera nikashindwa kufungua chupa ya maji. Chini ya kipito kuna ziwa dogo lililoganda pembeni. Kushuka upande wa Lobuche unadhani umemaliza, kumbe bado mto wa barafu wa Khumbu: zaidi ya saa moja ya kupanda na kushuka vifusi, njia ikibadilika kila msimu kwa kuwa barafu chini yake inatembea na kuyeyuka.

Machi ijayo kuna kundi jingine la Mombasa linakwenda, na tumeshawaandikia masharti ya kumpa wakala kabla ya kulipa hata shilingi. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Viatu vyake, koti lake na begi lake la kulalia vionekane Lukla kwa macho. Karatasi ya bima yake waishike mkononi. Apande kwa mwendo wa wageni, asiletwe kwa haraka kutoka chini. Na akiugua, malipo yake yanaendelea.