Ulimcheka nani

Tangu Jumapili nina sentensi moja kichwani na haitoki. Nimesahihisha madaftari yote ya darasa la tatu, mwalimu mkuu wetu kahamishwa kapelekwa Gairo na nafasi yake bado haina mtu, umeme umekatika umerudi, na mimi muda wote huo namsikia shangazi tu.

Mnajua Kitinda, mdogo wangu, kajifungua, na mnajua mtoto kazaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu una mpasuko, upande wa kushoto, na nesi alipommulika na tochi ndani akakuta kaakaa, lile paa la ndani ya mdomo, nalo liko wazi. Sirudii yote hayo, nililia vya kutosha kwenye ile niliyoandika hapa mwezi uliopita. Hii ni ya shangazi.

Kaja Jumapili kutoka Kilosa na basi la asubuhi, kabeba kuku wawili na mchele, kama kawaida yake haji mikono mitupu. Tukampa shikamoo, akanawa, akakaa kitandani pembeni ya Kitinda akampokea mtoto. Akafunua kitenge. Hakushtuka, hakusema "yalaa" kama yule jirani, alimwangalia tu muda mrefu kidogo, halafu akamfunika tena mpaka puani, na akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu, ulimcheka nani?"

Na Kitinda akajibu, "Sikumbuki shangazi."

Swali lenyewe nilishalisikia, na nyie mmelisikia. Huku kwetu hakuna mwanamke aliyebeba mimba asiambiwe usimcheke kilema, usimtazame sana yule, ukila sungura shauri yako. Ningeweza kulala nalo. Kinachonikaba mimi ni jibu. Hakusema sijamcheka mtu. Kasema hakumbuki. Maana yake ameshatafuta. Maana yake zile usiku anakaa peke yake anakamua maziwa, mdogo wangu alikuwa anawapitia watu mmoja mmoja, yule mama muuza machungwa wa stendi anayechechemea, yule kijana wa chuoni mwenye kigugumizi, anajiuliza ni nani kati yao alimcheka mpaka mwanae akaja hivi. Na hakumwambia mtu. Mimi nipo nyumba hiyohiyo nampikia uji na hakuniambia!

Basi nimekuwa namjibu shangazi. Jikoni namjibu, kwenye daladala namjibu, juzi nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi watoto wakaniuliza madamu vipi.

Namwambia hivi. Shangazi, uso wa mtoto tumboni hauji mzima, unaanza vipande, vingine vinatoka pembeni na kimoja kinashuka katikati, vinasogeleana mpaka vinashikana, kama vipande vya gauni vinavyokutana kwenye mshono. Mdomo unafunga kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa linafuata, wiki ya 6 mpaka ya 9 hivi. Vipande visipokutana sawasawa panabaki wazi, basi, ndo hicho ulichokiona ulipofunua kitenge. Na Kitinda alikuja kupima mimba amekosa siku zake mara ya pili, ile amepima tu mdomo wa mtoto ulikuwa umeshamaliza kazi yake zamani. Hata angecheka mtaa mzima baada ya hapo angekuwa amechelewa. Na kabla ya hapo hakuwa hata anajua yuko wawili.

Halafu namwambia, shika hapo chini ya pua yako shangazi, hicho kibonde na vile vituta viwili. Hapo ndo ulipounganika wewe. Kila mtu ana wiki ambazo alikuwa wazi hapo, mimi, wewe, mjumbe wa nyumba kumi, wote, sisi tulifunga na huyu hakufunga.

Daktari alituambia duniani ni kama mtoto 1 katika kila 700, kwa hiyo wala siyo kitu cha ukoo wetu kulaaniwa. Kuna ya kurithi humo, kuna na mazingira, sigara, pombe, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, baadhi ya dawa za kifafa, hivo vinaongeza hatari. Kitinda hana hata kimoja. Wazazi wengi hawapati kabisa sababu ya kuishika mkononi wakasema ni hii, na nadhani hapo ndo shida inapoingia, maana pale penye nafasi tupu mtu lazima aweke kitu, na kinachowekwa mara nyingi ni mama mtu.

Hakuna mtu aliyemuuliza shemeji, mume wa Kitinda, alimcheka nani.

Nilimpigia mama kumwelezea, nikijua atakasirika na mimi. Hakukasirika. Kaniambia, "Mwanangu, shangazi yako hakuja kumsuta. Zamani ukishamjua uliyemcheka unakwenda kwake na kitu mkononi, unamwomba radhi, anakutemea mate ya baraka, yanaisha. Alikuwa anatafuta dawa." Nikanyamaza. Kwa hiyo wale kuku wawili, mmoja labda alikuwa wa kumpelekea huyo mtu. Sijui nifanye nini na hiyo habari kwakweli. Inanipunguzia hasira kwa shangazi lakini kwa lile jibu la Kitinda hainipunguzii kitu, kwa sababu dawa anayoitafuta shangazi inamtaka kwanza Kitinda awe na hatia.

Nikaenda nikakaa naye Jumatatu usiku. Sikuanza na hotuba. Nilimshikia mtoto yeye akakamua, halafu nikamwambia hesabu na mimi wiki. Tukahesabu kwa vidole, tukatumia kalenda ya kwenye simu, tarehe ya mwisho ya siku zake, ile harusi ya Msamvu, mpaka tukafika wiki ya 7, alikuwa kwenye semina Dodoma anatapika akadhani ni chipsi. Akaangalia ile tarehe muda. Akasema, "Kumbe alikuwa ameshakuwa hivi." Nikasema ndio. Akasema, "Peke yake huko." Halafu akalia, lakini kilio kingine, siyo kile cha wodini.

Sasa niwape na mazuri, maana nimeona naandika kama msiba na nyumba siku hizi siyo msiba. Mtoto anakula! Wale mliouliza, ndio, anakula. Tatizo lilikuwa hawezi kufyonza, kaakaa likiwa wazi hewa inapita, anavuta anavuta hapati kitu anachoka analala na njaa, na kidogo anachopata kinatokea puani. Uzito ulishuka tukaogopa. Sasa anapewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa chupa laini ya kubinya, unabinya kidogo pale anapotafuna, umemkalisha wima kichwa juu, unasimama unamcheulisha mara nyingi kwa sababu anameza hewa nyingi kuliko watoto wengine, na usivuke nusu saa, ukivuka anatumia nguvu nyingi kuliko anachokula. Siku chupa imechelewa kuchemshwa tunatumia kikombe kidogo. Kazaliwa na kilo 2.8, akashuka 2.6, na Jumatano kliniki kasoma 3.4, nesi akarudia kupima akidhani kakosea.

Na bingwa wa kumlisha ni nani, shemeji. Huyu dereva wa malori ambaye mikono yake mnaijua. Alikaa likizo yake yote na ile chupa, akajua mtoto anataka kubinywa vipi, Kitinda mwenyewe anakiri. Saivi karudi barabarani, na anapiga simu kila akisimama. Jana kapiga akiwa kwenye foleni ya mizani huko mbele ya Iringa, honi zinalia nyuma yake, hakusalimia mtu, kauliza tu, "Kacheua?" Kitinda akamwambia kacheua mara mbili. "Mara mbili tu? Mweke begani tena." Na kweli alipomweka akacheua, kwa sauti mpaka shemeji kaisikia kule, akapiga kelele ya furaha na foleni ikaanza kusogea. Nimecheka. Kitinda kacheka. Nimemwona anacheka na hajaangalia pembeni.

Mipango iko hivi: akifika miezi mitatu, na uzito karibu kilo 5, na damu isiwe chini ya 10, mdomo unashonwa. Kaakaa baadaye, akielekea mwaka au kuupita kidogo, kabla hajaanza kuongea sana, ili maneno yasipitie puani. Na masikio lazima yaangaliwe, watoto hawa maji yanakaa nyuma ya ngoma ya sikio na anaweza asisikie vizuri mtu akadhani ni mkaidi, hilo kama mwalimu limenigusa. Tutakwenda hospitali ya CCBRT Msasani, upasuaji huu hapo ni bure, wanasaidiwa na shirika la Smile Train, na kwa treni ya SGR siku hizi Dar siyo safari. Shangazi kasema anataka kuja na sisi. Nimekubali. Nikimpata mwenyewe kwenye kiti cha treni nitamwambia ashike chini ya pua.

Kitu kingine. Mvua zimeanza, na ule mwembe wa kiwanja cha nyuma umezidi kuinamia kwetu, udongo wa chini umeshalainika mpaka mizizi upande mmoja inaonekana. Mwenye kiwanja yuko Mtwara, simu hapokei. Baba Watoto anasema tukate matawi kwanza maelezo baadaye, mwenyekiti wa mtaa anasema tusiguse mpaka mwenyewe aje, na chumba kilichoko chini yake ndo wanapolala watoto. Leo nimewahamishia sebuleni na magodoro yao, mkubwa kanuna. Kama kuna mtu hapa ana ndugu Mtwara anayemjua huyo mzee, niandikieni inbox.