Bastola ya Mdogo Wangu

Ilikuwa mwezi wa nane, mikorosho imechanua na Liwale inanukia maua yake, mdogo wangu alipokuja kutoka Dar es Salaam na mpango wa kutembea porini kwa miguu. Yeye na wenzake wawili walitaka kukata pori la vijiji kuelekea upande wa mto Matandu, walale njiani, kisha warudi. Chakula walishapanga, mahema wanayo. Lililokuwa linamnyima usingizi ni moja tu: anunue bastola gani.

Sikumlaumu. Hofu ile tumekua nayo na ina sababu. Tukiwa wadogo bibi hakuturuhusu kutoka nje usiku hata kwa haja; alituwekea ndoo ndani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa kati ya iliyoumia zaidi. Wengi walikamatiwa shambani, kwenye dungu, wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba alifuata nguruwe, akamkuta mtu. Aliyekulia katika habari hizo hawezi kuambiwa aache woga.

Jioni ile alinionyesha simu yake. Alikuwa amesoma sana habari za Wamarekani wanaotembea Alaska, kwenye dubu. Wapo wanaosifu bastola ya silinda ya .44 Magnum, wapo wanaosifu ya magazini ya milimita 10 kwa kuwa inabeba risasi nyingi, na wapo wanaosema dawa ya pilipili ya kupuliza inatosha. Yeye alikuwa ameshaelekea kwenye .44. Nikamwambia kabla ya kutoa hela twende kwa mjomba.

Mjomba alifanya kazi ya uaskari wa wanyamapori katika hifadhi ya Selous mpaka akastaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaiangalia picha bila haraka, akarudisha simu.

"Mjomba," akasema, maana sisi tunaitana hivyo wote, "hiki kimetengenezewa dubu na mtu. Hapa kwetu utakutana na tembo."

Akachora kichwa cha tembo mchangani kwa kidole. Mbele ya ubongo, alieleza, kuna mfupa mnene wenye matundu kama sega la asali, na ubongo wenyewe umejificha nyuma, chini, usawa wa masikio. Risasi ya milimita 9, ile ya bastola za kawaida, ina uzito wa gramu 8 hivi. Ya raifoli ya .375 ina gramu 19 hivi, na nguvu inayotoka nayo ni zaidi ya mara kumi. Hiyo .44 inaizidi nguvu ile ya milimita 9 zaidi ya mara mbili, lakini kwa .375 iko mbali sana. Na hata mwenye .375, alisema, anaomba Mungu asilazimike kuitumia.

Kisha akavunja kijiti cha muhogo, akamwambia mdogo wangu akichomeke kiunoni chini ya shati na avae begi lake la safari. Akamwita mtoto wa jirani, akamsimamisha kwenye mkorosho, hatua kama thelathini. Mtoto akianza kukimbia, ndipo kijiti kichomolewe.

Mara ya kwanza kijiti kilinasa kwenye mkanda wa begi, mtoto akawa ameshamkumbatia miguu huku anacheka. Wakarudia. Safari hii kijiti kilitoka, ila ncha yake ilikuwa bado inatazama chini.

"Huyo ni mtoto wa darasa la tatu," mjomba akasema. "Tembo anamwacha mbali. Na kwenye mianzi hakuanzii kule kwenye mkorosho, unamwona akiwa hapa." Akagusa mguu wa kiti.

Akaongeza jambo la sheria, na nililipenda kwa sababu watu hulipuuza. Leseni ya silaha inatolewa na polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na taratibu zake zinaanzia kwa viongozi wa mtaa wako. Ukishaipata, bado haikupi ruhusa ya kuingia nayo hifadhini. Ukipotea njia ukavuka mpaka na bastola kiunoni, askari watakaokukuta hawana namna ya kujua kama wewe ni mtembezi au jangili.

Tukaenda ofisi ya wanyamapori kuomba askari mwenye raifoli, na mjomba akakubali kutusindikiza.

Siku ya pili ya safari tulikuta kinyesi cha tembo njiani. Mjomba alikipasua kwa mkono, akasikia joto. Akatoa kifuko cha kitambaa chenye majivu, akakikung'uta. Majivu yakatujia usoni. Upepo unatoka kwao, akanong'ona, hawajatunusa. Tukaanza kukizunguka kwa mbali kichaka cha mianzi kilichokuwa mbele yetu, lakini jike mmoja na mtoto wake walikuwa wamejitenga, wakatokea upande wetu. Alitanua masikio, akatikisa kichwa, vumbi likamtoka mwilini. Askari alishusha raifoli begani, hakuinyanyua. "Masikio yako wazi, anatutisha tu. Msikimbie," mjomba akasema. Tulirudi kinyumenyume tukiwa tumeshikamana, hatua kwa hatua, mpaka mti mkubwa ukawa katikati yetu naye. Alisimama kitambo, akamgeuza mtoto wake, wakaingia mianzini.

Mdogo wangu hakuitaja tena bastola. Mmoja wa wenzake bado aliitaka, kwa ajili ya duka lake kule Mbagala. Mjomba akamwambia hilo ni jambo jingine, aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa wake.