Vitobo ni vidogo, ila bega limefanyiwa kazi kubwa

Nimefanyiwa operesheni ya bega kwa kamera, na kila anayekuja kuniona anaangalia vile vitobo vitatu begani halafu anasema aah kumbe ndo hivi tu, mwezi ujao si unarudi uwanjani. Najua wananipa moyo na nawashukuru sana, ila leo naandika kwa kirefu maana huko kwenye viwanja vya basketi kuna vijana kibao mabega yanawachomoka, wanaenda kwa mkandaji anawarudishia, jumamosi wako uwanjani tena, na hakuna aliyewaambia ndani kumeharibika nini.

Bega liko hivi. Kile kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kishimo kinachokalia, na kishimo chenyewe hakina kina, ndo maana mkono unazunguka kila upande na ndo maana pia bega huchomoka kuliko jointi zingine kubwa za mwili. Kinachoongeza kina ni utepe wa gegedu unaozunguka ukingo wa kile kishimo, madaktari wanauita labramu. Fikiria kata ambayo mama anaweka kichwani ndoo ya maji itulie, ikikatika upande mmoja ndoo inaanza kuyumba. Mimi bega lilitoka kwa mbele nikigombania ribaundi, mkono uko juu mtu akauvuta nyuma, na labramu ikabanduka kwenye mfupa. Jeraha hilo linaitwa Bankart, jina la daktari wa London aliyeliandika mwaka 1923. Na ukiwa kijana unayecheza, hatari ya bega kutoka tena ni kubwa mno, mimi lilifika mahali linataka kutoka hata nikivaa fulana.

Eksirei haikuonyesha kitu cha maana, kwa sababu gegedu halionekani kwenye eksirei. Ilibidi MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, tena ile ya kuchomwa sindano ya dawa ndani ya jointi kwanza ili dawa ipenye kwenye mpasuko uonekane. Kama bega lako limetoka zaidi ya mara moja na umeambiwa mifupa iko sawa, tafadhali usiishie hapo, uliza kuhusu labramu.

Operesheni yenyewe sikuiona maana nilipigwa nusu kaputi, na kabla yake sindano ya ganzi pembeni mwa shingo ya kuua mkono wote. Daktari ndo alinionyesha picha baadaye. Kamera yenye upana wa kama milimita 4 inaingia kwa nyuma, vifaa vinaingia kwa mbele, na muda wote wanasukuma maji ya chumvi ndani ili jointi itanuke waone vizuri (ndo maana nimeamka bega limevimba, msiogope, yale maji yanafyonzwa yenyewe). Kisha wanakwangua ukingo wa mfupa mpaka utoke damu kidogo, kwa sababu bila damu gegedu haliwezi kushika, wanatoboa mfupa, wanaweka vinanga vidogo vyenye nyuzi, na nyuzi zile zinairudisha labramu mahali pake. Zamani ilikuwa lazima wafungue bega kwa mbele na kuupitia msuli ndo wafike huko. Sasa hivi ni vitobo tu, lakini kazi ya ndani ni ileile jamani!

Na hiki ndo watu hawakielewi. Zile nyuzi hazijaniponya, zimeshikilia tu wakati mwili unaotesha gegedu kwenye mfupa upya, na mwili haujali kwamba ngozi imefunga haraka. Ndo maana mkono unakaa kwenye slingi, kile kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, wiki 4 hadi 6, na michezo ya kugongana ni kuanzia kama miezi 6. Drew Brees wa mpira wa Kimarekani aliumia bega la kurushia, akafanyiwa operesheni mwezi wa kwanza 2006, vinanga 11 kwenye labramu, na mwezi wa pili 2010 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi yao, na timu ya New Orleans Saints. Huwa namtaja kwa wanaosema bega likishapasuliwa basi kwisha, ila yule alikuwa na watu wa kumfanyisha mazoezi kila siku.

Huku kwetu fizio, yaani mazoezi ya tiba, ndo inaonekana kama nyongeza, mtu anatafuta hela ya operesheni kwa jasho, ukoo mzima unachanga, halafu nauli ya kwenda fizio inakosekana na bega linaganda. Kwangu mimi bajeti ya fizio ipangwe siku ileile inayopangwa ya upasuaji, kama haipo ongea na daktari mapema akupe mazoezi ya nyumbani kwa maandishi.

Usiku wa kwanza ndo mgumu. Ganzi inaisha ghafla, kwa hiyo meza dawa za maumivu ulizopewa kwa saa zake hata kama husikii kitu. Lala umeegemea mito karibu na kukaa. Mama yangu alinifungia vifungo vya shati muda wote huo, Mungu ambariki.

Sasa hivi naruhusiwa kupandisha mkono mpaka usawa wa bega, kuuzungushia nje bado, mpira bado kabisa. Kliniki ijayo watapima nguvu za mikono yote miwili ndo waamue kama naanza kamba za kuvuta.