Barafu ya Kwenda Nansio

Nilipanda meli ya Nansio asubuhi, nikiwa na begi moja na daftari la maabara. Bibi yangu anaishi Ukerewe, na nilikuwa sijamwona tangu nirudi kutoka Yakutsk, mji wa Siberia nilikosomea udongo. Jiwe la Bismarck, lile mwamba wa ziwani pale Mwanza, lilipobaki nyuma abiria walisogea upande wa kivuli, nami nikapata nafasi karibu na deli kubwa la buluu lililofunikwa magunia mabichi.

Mwenye deli alikuwa mzee mmoja, mnunuzi wa sangara. Barafu anaichukua Mwanza ikiwa imeshasagwa, anaivusha hadi visiwani, na ikirudi inarudi na samaki. Nilimpa shikamoo, nikamwomba anionyeshe. Akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Mwanangu, hapa hafunui mtu mpaka Nansio. Ukifunua mara moja tu, joto limeshaingia."

Nikamwambia kwamba nilikotoka ardhi yenyewe ndiyo deli. Chini ya misitu ya Yakutsk kuna udongo ambao haujayeyuka kwa maelfu ya miaka. Kwa kitaalamu unaitwa pamafrosti, yaani ardhi inayokaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo, bila kujali kama ndani yake kuna barafu nyingi, kidogo au hakuna kabisa. Juu yake yamelala majani yaliyooza nusu na mimea midogo laini kama sponji, na kazi yake ni ile ile ya magunia ya mzee. Msitu ukiungua, blanketi lile likateketea, joto la kiangazi linashuka chini kuliko lilivyozoea.

"Sasa hiyo barafu iko juu ya udongo au ndani?"

Swali lake lilinifurahisha, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yangu yote. Iko ndani, na haijaenea sawasawa kama maji ndani ya sifongo. Udongo unapoganda, sehemu inayoganda huyavuta maji kutoka sehemu ambayo bado haijaganda, na maji hayo hujenga matabaka membamba ya barafu safi, udongo, barafu, udongo. Ukikata sampuli kwa msumeno unaona mistari myeusi na mistari ya kioo. Kwingine ardhi hupasuka kwa baridi, maji ya theluji yakaingia kwenye ufa yakaganda, mwaka unaofuata ufa ukapasuka palepale, na baada ya karne nyingi inasimama kabari ya barafu yenye upana wa mita kadhaa. Katika udongo uitwao yedoma, zaidi ya nusu ya ujazo wa ardhi inaweza kuwa barafu.

Na kuna habari ya chumvi. Maji yakiganda hayataki kugandamana na chumvi, huisukuma kando. Yale machache yanayobaki yameshikilia chembe za mfinyanzi huzidi kukolea, na maji yaliyokolea chumvi hayagandi kwenye nyuzi sifuri. Kwa hiyo kipande cha udongo chenye nyuzi 3 chini ya sifuri, kigumu kiasi cha kukwaruza kisu, ndani yake bado kina utando wa maji usiouona kwa macho. Mzee alitikisa kichwa, akasema wauza aiskrimu wa zamani walikuwa wakitia chumvi ya mawe kwenye barafu, na yeye hakuwahi kuambiwa kwa nini.

Tulipofika kwenye maji mapana, pwani ya Mwanza ikawa mstari tu, nilimsimulia kisima cha Shergin. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa Yakutsk aliyeanza kuchimba mwaka 1828 akitafuta maji. Wachimbaji wake waliendelea mpaka 1837, wakafika mita 116, na bado udongo ulikuwa umeganda. Ziwa letu, penye kina kirefu kuliko pote, ni mita 80 hivi. Mzee aliyatazama maji kwa muda mrefu, kama anayepima.

"Basi wale watu wanakunywa nini?"

Nikamwambia kwamba tangu enzi wakazi wa kule hukata mabonge ya barafu ya mto na maziwa wakati wa baridi, wakayahifadhi na kuyayeyusha nyumbani.

Nansio tulishuka jua likiwa kali. Mzee alitimiza ahadi, akafunua deli mbele yangu. Barafu ilikuwa imeshuka shubiri nzima, na gunia alilolitandaza juu yake asubuhi likiwa sawasawa sasa lilikuwa limebonyea katikati. Nilibaki nikilitazama. Hivyo hivyo ndivyo barabara za kule zinavyobonyea na nyumba zinavyopasuka kuta pale ardhi inapoyeyuka, na ndiyo sababu majengo ya Yakutsk husimamishwa juu ya nguzo, hewa baridi ipite chini yake.

Bibi alinipokea kwa ugali na sato. Jioni tulishuka ziwani, kwenye mafunjo, nikakanyaga tope. Mapovu yakapanda. Nikamweleza kwamba ile ni gesi ya methani: mizizi na majani yanaoza chini ya maji mahali pasipo na hewa. Na udongo ulioganda umeficha mizizi na majani ya namna hiyo, mengi mno, kiasi cha tani bilioni 1,500 za kaboni, karibu mara mbili ya iliyomo hewani. Ukiyeyuka, vijidudu vinaanza kula. Penye hewa wanatoa kaboni dioksaidi, penye maji yaliyotuama wanatoa hii ya mapovu. Hili linaninyima usingizi, na sikumficha bibi.

Nilijaza tope kwenye kopo la maziwa, nikalipima kwenye mizani ya dukani: gramu 400 ukitoa kopo. Maabara tunaacha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usimame. Hapa nilikuwa na jiko la mkaa na majivu ya moto, nikawa nageuza tope kwa kijiko kesho yake kutwa, narudi dukani, napima, nageuza tena, mpaka mizani ikakataa kushuka. Gramu 160.

"Maji gramu 240, udongo 160," nilimwambia bibi. "Maji ni asilimia 150 ya udongo mkavu."

"Maji yamezidi udongo wenyewe?"

"Yamezidi. Na kule barafu inazidi vivyo hivyo."

Alichukua kipande kikavu, akakimega kwa vidole, kisha akainama kunusa tope bichi lililobaki kwenye ndoo.

"Na hiyo ya huko mbali, ikiyeyuka, inanuka hivi?"

"Hivi hivi, bibi."