Wamepita kwake wakamwacha?

Mama kanitamkia neno Jumatatu jioni na mpaka leo Jumapili bado linazunguka kichwani, nimejaribu kulilalia limekataa, ndiyo maana niko hapa.

Mnaofuatilia mnajua mdogo wetu yuko Georgia anasomea udaktari, na mnajua hajarudi tangu aondoke, hata bibi tulimzika yeye akiwa anaangalia kwenye simu. Mji anaokaa ni Batumi, pwani ya Bahari Nyeusi. Mwishoni mwa Septemba alipanda kilimani na wenzake akanirushia video, mwanzoni nikajua ni kunguru, kumbe mwewe, yaani anga lote mwewe, wanazunguka, wanapanda, halafu wanateleza kwenda kusini bila kupiga bawa, kundi likiisha linatokea jingine. Na sauti yake nyuma ya simu inasema, “Dada, hawa wanakuja huko.”

Tangu siku hiyo bando langu linaishia kwa hawa ndege. Pale Batumi milima imesogea karibu kabisa na bahari kwa hiyo njia inabana. Mwewe wakubwa na jamaa zao hawawezi kupiga mabawa safari nzima, watakufa kwa uchovu, wanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini likiwaka jua, wanajiachia inawabeba juu kabisa, kisha wanashuka taratibu mpaka wakutane na hewa nyingine inayopanda. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni shida kuipata, ndiyo maana maji mengi wanayakwepa na wanafuata ukingo wa pwani, wote wanajikuta wanapita palepale. Kuna watu wanakaa kwenye vilima vya pale kuwahesabu kila mwaka tangu 2008, kuanzia Agosti hadi Oktoba, na msimu mmoja wanapita zaidi ya milioni moja. Milioni jamani! Septemba ikianza wanatangulia wale wanaofukua viota vya nyigu ili wale mabuu, baadaye mwezi huohuo wanajaa shakivale, mwewe wa kahawia kutoka Urusi. Hao shakivale wanapitia Mashariki ya Kati, wengine wanavuka pale Bab el-Mandeb ambapo Yemen na Jibuti zinaachana kama kilomita 30 tu, wanaingia kwetu, na wapo wanaoteremka mpaka Afrika Kusini.

Haya yote ndiyo nilikuwa namweleza mama Jumatatu. Alikuwa anamenya viazi, mimi nimekaa kwenye kigoda namshikia simu aone video. Akauliza, “Wanaenda wapi wote hao?” Nikamwambia wanakuja Afrika mama, wengine wanapita hata huku kwetu. “Kila mwaka?” Kila mwaka. “Na kurudi wanarudi?” Wanarudi, Machi, Aprili hivi. Akamaliza kiazi, akakitia kwenye maji, akachukua kingine. Ndo akasema, “Sasa wamepita kwake wakamwacha?”

Basi. Hakuniangalia, hakubadilisha sauti, ganda la kiazi linashuka refu bila kukatika. Nikasema mama nauli, na kule mitihani haifuati Krismasi yetu, nikaendelea kuongea na najua kabisa hakuniuliza hayo. Hakusema “kwa nini haji.” Kwa nini haji ningeweza kujibu, majibu ninayo tele. Alisema wamepita kwake wakamwacha, kama vile kosa ni la ndege, walitakiwa wamchukue. Nikiwa dirishani kazini nahesabu hela za watu nasikia wamepita kwake. Nikimwogesha mtoto nasikia wakamwacha. Baba watoto anasema mama alikuwa anatania tu, kaka anasema ametupiga dongo sisi wakubwa tulioshindwa kuchanga nauli. Mimi nilikuwepo jikoni, haikuwa utani na haikuwa dongo. Ni mama anamtaka mwanae. Na mdogo wangu sijamwambia, nimeandika meseji nikafuta, maana anaweza kuacha kula ili apate tiketi, namjua.

Wiki yenyewe wakaguzi wametuingilia ofisini, kaka kahamishiwa Sumbawanga, na harusi ya binti wa shangazi kule Tukuyu imepita salama, namshukuru Mungu.

Jana sasa. Tulipanda na mama mpaka Isyonje kufuata mbegu ya viazi, si mnajua mama hamwamini mtu kumchagulia mbegu. Asubuhi ukungu na baridi ya milima ya Uporoto ile ya kuingia kwenye mifupa, saa nne jua likatoka kali. Kwenye nguzo ya umeme katua yule shakivale wa kwetu, kifua cheupe, mgongo mweusi, mkia mwekundu wa kutu. Mama akaninyooshea, “Huyu naye ametoka huko?” Nikamwambia huyu mwenyeji, haendi popote. Tukacheka.

Wakati wanafunga magunia nikatazama juu ya mteremko uliolimwa, udongo mweusi mtupu unafuka joto. Wakawepo. Siyo anga zima kama Batumi, kundi dogo tu, wa kahawia, wanazunguka juu ya lile shamba bila kutikisa bawa, kila wakizunguka wanakuwa wadogo zaidi. Mmoja alipita chini kiasi cha kuona utepe mweusi kwenye ukingo wa bawa, akainamisha mkia kidogo upande mmoja, akageuka. Kisha wa juu kabisa akaacha kuzunguka, akanyoosha kusini, wengine wakamfuata mmojammoja.

Kama ni walewale waliopita juu ya mdogo wangu siwezi kuapa. Mama hakutaka kiapo. Alikuwa amekinga jua kwa upande wa khanga, mdomo wazi, akasema kwa sauti mpaka wauza viazi wakageuka, “Mpigie! Mwambie wamefika!” Nikapiga haikupokelewa, labda yuko darasani, mama akasema basi nirekodi sauti, yeye ambaye kila siku anasema hawezi kuongea na simu isiyojibu. Akaishika kwa mikono miwili akamweleza kila kitu, wako wangapi, walivyozunguka, kwamba wanaonekana hawajala vizuri njiani, kwamba viazi mwaka huu mbegu ni nzuri. Mwisho akamshukuru kikwetu, “Ndaga, mwanangu, tumewaona.” Neno la Jumatatu hakulitaja kabisa. Mimi nilishindwa hata kubonyeza kutuma, macho yamejaa.

Mdogo wangu kajibu usiku, analia na kucheka, anataka mama arudie. Mama karudia.

Ila leo asubuhi nimeingia stoo nimekuta vumbi jeupe la unga chini ya magunia mawili ya ukutani, nikalitoboa moja punje zinatoka na matundu. Dumuzi. Mahindi yenyewe ndiyo ada ya Januari, na yaliyobaki yamepangwa juu ya hayo mpaka darini, sijui wamefika wapi. Kesho nisipopata mtu wa kunisaidia kuyashusha yote tukayaanike na kuyahamishia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, sijui itakuwaje.