Siku moja maishani mwangu: dawati la transfer pale JKIA

Saa tisa usiku. Alamu inalia, Utawala bado ni giza totoro, nameza chai haraka haraka na van ya staff inanibeba kwa stage. Nafanya kazi dawati la transfer pale JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, yaani wale abiria ambao Nairobi si mwisho wa safari yao wanapitia kwangu. Kazi yenyewe ukiitoa maneno mengi ni kumwonyesha mtu begi lake linaishia wapi na paspoti yake itagongwa wapi. Hayo ni mambo mawili, na karibu kila mtu anayenijia akilia ameyachanganya yakawa moja.

Saa kumi na nusu. Nasachiwa kama abiria tu, viatu, mshipi, simu kwa trei. Natoa listi ya wanaobadilisha ndege asubuhi na naanza na wale wako na muda mfupi, lisaa limoja na kitu hivi, juu hao ndege yao ikichelewa kidogo tu ni mbio.

Saa kumi na mbili. Ndege za Afrika Magharibi na za Kongo zinatua karibu pamoja na watu wanamwagika kwa korido wote wakifuata yule aliye mbele, na aliye mbele mara nyingi anaenda nyumbani kwake Kasarani, kwa hivyo anawavuta wote hadi foleni ya imigresheni. Leo nimemtoa huko mama mmoja wa Lubumbashi, amebeba mtoto mgongoni na ana wasiwasi kweli. “Mwanangu, miye minaenda Guangzhou, mizigo yangu minaikamata wapi?” Nikamwambia mama, hapa hukamati kitu, nionyeshe ile stika walikubandikia nyuma ya bodingi pasi. Ilikuwa imeandikwa CAN, nayo ndio kifupi cha Guangzhou, kwa hivyo begi linatolewa ndege hii linaingia ile bila yeye kuligusa. Kama tiketi ni moja na hutoki nje ya uwanja, Nairobi huna haja ya imigresheni wala kastamu, unapita tu skana ya transfer na kwenda geti, na hata eTA ya Kenya, kile kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni, huhitaji. Nilimtembeza hadi skana mwenyewe. Maneno matupu hayamtoshi mtu ambaye hajalala usiku kucha na mtoto analia.

Saa moja na nusu. Hapa ndipo roho huniuma. Kijana wa Uganda ametua kutoka Entebbe, anaenda Doha kuanza kazi, kashika karatasi mbili. Tiketi moja ya Entebbe mpaka Nairobi, ingine ya Nairobi mpaka Doha, kampuni mbili tofauti, agenti wake alimwambia ni bei nafuu na akanyamaza hapo. Begi lake limeandikwa NBO, kifupi cha Nairobi. Maana yake ni kwamba kwa macho ya kila mtu yeye amefika mwisho wa safari. Lazima aingie Kenya kabisa, apange foleni ya imigresheni, asubiri begi kwa mkanda, apite kastamu, atoke nje, azunguke hadi departures, asachiwe tena mlangoni halafu achekini upya, na kaunta nyingi zinafungwa saa moja kabla ndege kuondoka. Huyu kwa vile ni mtu wa Afrika Mashariki anaingia bila shida ya karatasi. Angekuwa Mjerumani wa kutoka Zanzibar angehitaji eTA kabla hajakanyaga, hio imekuwa sheria tangu Januari 2024 viza zilipoondolewa. Nilimwelekeza njia fupi nikampigia mwenzangu wa upande ule amwangalie. Hakuwahi. Kampuni ya pili haimdai kitu wala yeye haidai kitu, kwao ni abiria tu ambaye hakutokea. Hawa maagenti wanaouza tiketi mbili bila kumweleza mtu wanafanya ubaya mkubwa, na wanaoumia ni watu ambao familia imechanga.

Saa nne. Chai na mandazi, dakika chache.

Saa tano. Napelekwa kusaidia chekini, kuangalia karatasi za wanaosafiri. Watu hudhani tunawasumbua tukiuliza viza ya nchi ambayo wanapita tu, lakini ndege ikimbeba mtu asiye na karatasi, kampuni ndio hupigwa faini na kumrudisha, kwa hivyo tunaangalia kwa Timatic, ile sistimu ya IATA, chama cha kampuni za ndege duniani, yenye masharti ya kila nchi, na ikisema hapana hata bosi hawezi kusema ndio.

Leo imesema hapana kwa msichana aliyekuwa anaenda Jamaika kupitia Miami. Mkenya haombi viza ya Jamaika, hapo alikuwa sawa kabisa. Tatizo ni Miami. Marekani haina transit ya kukaa ndani ukingoje ndege ingine, kila anayetua pale anaingia Marekani, hata kama ni masaa mawili, anaonana na imigresheni, kwa hivyo Mkenya anahitaji viza, angalau ile ya C-1 ya kupita. Aliniuliza mara tatu kama akikaa tu kwa kiti asitoke itakuwaje, na nilikosa jibu la kumtuliza juu hakuna.

Baada yake akaja mama wa makamo na binti yake aliyemsindikiza, anaenda Minneapolis kumwona mjukuu, kupitia Addis na Washington. Huyu nilikaa naye. Kwa sababu siku nzima nimekuwa nikiwaambia watu soma tagi, na tagi yake inasema MSP, Minneapolis, halafu sasa natakiwa kumwambia mama, Addis usiguse begi, lakini Washington ulichukue. Kiwanja cha kwanza cha Marekani unagongewa paspoti, unatoa begi lako kwa mkanda, unalipitisha kastamu, halafu hatua chache tu mbele kuna watu wanalipokea tena kwa ndege inayofuata. Tagi haitakwambia hivyo. Wengi huona MSP wakapita mikono mitupu, na begi linabaki likizunguka Washington. (Ukipitia Abu Dhabi au Dublin ni tofauti, maafisa wa Marekani wako hukohuko, unamalizana nao kabla hujapanda.)

Nikamuuliza amebeba nini. Majani chai, kahawa, na nyama ya kukausha, mjukuu lazima aonje. Nikamwambia chai na kahawa sawa, nyama itoke, hio wataichukua. Na chochote cha kula akiulizwa aseme. Kusema unacho si kosa, shida ni kuficha, hapo ndio faini inaingia. Binti akachukua nyama akasema atairudisha nyumbani. Halafu nikamkumbusha marashi, akinunua chupa kubwa duty free Addis, Washington aiingize ndani ya begi kabla hajalirudisha, maana pale atasachiwa upya na kinachozidi mililita 100 kwa mkono huenda wakakizuia. Nilimwandikia yote kwa karatasi kwa Kiswahili: ADDIS, USICHUKUE. WASHINGTON, CHUKUA, RUDISHA. Akaikunja akaiweka ndani ya paspoti.

Kwa wanaopitia Ulaya huwa ni rahisi kidogo. Anayeenda Stockholm kupitia Amsterdam paspoti inaangaliwa Amsterdam, kwa sababu ndio mlango wa kwanza wa Schengen, zile nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, lakini begi analipata Stockholm. Anayepita Amsterdam kwenda nje ya Schengen, kama ni Mkenya, anabaki upande wa transiti bila viza. Msomali au Mwethiopia kwa kawaida hawana nafasi hio, wanahitaji viza ya transiti ya uwanja, na kuwaeleza hivyo wakiwa kwa foleni moja na Mkenya ni kitu kizito.

Saa nane. Nimerudi dawati. Kikundi kutoka Dubai kinaenda Mombasa, hao wanagongewa paspoti hapa Nairobi kisha wanaelekea terminali ya 1D kupanda ndege ya ndani, na mifuko ya plastiki ya duty free waiache, ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Saa tisa. Namwachia mwenzangu listi na majina ya walioachwa na ndege. Kwa van nafungua WhatsApp, binamu yangu ametuma tiketi ya Toronto kupitia New York, bei rahisi sana, anataka kulipa leo. Nikamuuliza una viza ya Marekani? Hana, ana ya Kanada peke yake, na hio New York haimsaidii. Nikamwambia asilipe, atafute ya kupitia Amsterdam, tiketi moja, hata kama imezidi kidogo, na kabla ya kutuma pesa anitumie picha ya kurasa zote.